Uteuzi, Utabiri na Taswira ya Kenya: Tuzo za Oscar za Mwaka 1986

Historia ya tuzo za sanaa huandikwa aghalabu kama historia ya washindi. Walioteuliwa wakakosa husahauliwa upesi, na utabiri uliotangulia kutangazwa kwa matokeo huchukuliwa kuwa porojo za magazeti zisizostahili kuhifadhiwa. Makala haya yanashikilia rai iliyo kinyume. Uteuzi na utabiri ni aina ya uhakiki, tena uhakiki unaoifichua itikadi ya wahakiki wake kuliko ushindi wenyewe, kwa kuwa mtabiri hajiulizi ni kazi ipi iliyo bora bali ni kazi ipi ambayo jamii fulani iko tayari kuiita bora. Mfano unaochunguzwa ni tuzo za Oscar zilizotolewa Los Angeles tarehe 24 Machi 1986 kwa filamu za mwaka 1985. Mwaka huo filamu mbili zililingana kwa wingi wa uteuzi, kila moja ikiwa na 11. Ya kwanza ni Out of Africa ya Sydney Pollack, iliyopigwa nchini Kenya na kusimulia maisha ya Karen Blixen katika shamba lake la kahawa chini ya vilima vya Ngong. Ya pili ni The Color Purple ya Steven Spielberg, iliyotokana na riwaya ya Alice Walker ya mwaka 1982 kuhusu mwanamke Mweusi wa kusini mwa Marekani. Usiku ulipokwisha, ya kwanza ilikuwa imetwaa tuzo 7 na ya pili haikuambulia hata moja.

Neno tuzo lina mengi ya kufundisha hapa. Katika taarabu, anayemtuza mwimbaji huinuka mbele ya hadhira, na kila aliyepo humwona ni nani aliyetuza na ni ubeti gani uliomwinua. Kutuza ni kusema, na wakati mwingine ni kumjibu jirani. Kura ya Akademia ya Sanaa na Sayansi za Filamu ya Marekani ni ya siri, na mpiga kura hatakiwi kutoa sababu. Kinachoweza kusomwa ni orodha tu. Hata hivyo orodha hiyo ina sarufi yake. Katika duru ya kwanza waigizaji huwateua waigizaji, waongozaji huwateua waongozaji, na waandishi huwateua waandishi. Filamu bora huteuliwa na wanachama wote. Katika duru ya pili wanachama wote huyapigia kura takriban makundi yote. Kwa hivyo uteuzi ni sauti ya wanataaluma wa fani moja moja, ilhali ushindi ni sauti ya umma wa Hollywood kwa jumla. Anayezichanganya sauti hizi mbili hawezi kuielewa orodha ya mwaka 1986.

Orodha hiyo ilipotolewa mwezi wa Februari, kilichozungumzwa zaidi ni jina ambalo halikuwamo. The Color Purple iliteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora, lakini mwongozaji wake hakuteuliwa. Walioteuliwa katika kundi la uongozaji walikuwa Pollack, Peter Weir kwa Witness, John Huston kwa Prizzi's Honor, Hector Babenco kwa Kiss of the Spider Woman, na Akira Kurosawa kwa Ran, filamu iliyojengwa juu ya King Lear ya Shakespeare. Kampuni ya Warner Bros. ilieleza hadharani mshangao wake kwamba muumba mkuu wa filamu hiyo alikuwa ameachwa nje. Hapana budi kukiri kuwa orodha ya watano hao haikuwa ya aibu. Huston alikuwa na umri wa miaka 79, Kurosawa alikuwa akikaribia kutimiza 76, na Ran haikuwa hata imewasilishwa na Japani kuwania tuzo ya filamu ya lugha ya kigeni. Waongozaji walimteua Mjapani ambaye nchi yake haikumpeleka. Swali si kwa nini Kurosawa alikuwamo, bali ni kwa nini nafasi iliyokosekana ilikuwa ya filamu ya Spielberg, na si ya nyingine.

Watabiri wa tuzo hizi hutegemea kanuni chache, na mwaka huo kanuni hizo ziligongana. Kanuni ya kwanza ilikuwa kwamba filamu haipati tuzo kuu ikiwa mwongozaji wake hakuteuliwa. Tangu Grand Hotel iliposhinda katika mwaka wa filamu wa 1931/32, hapakuwa na filamu iliyofanikiwa bila uteuzi huo. Kwa mujibu wa kanuni hii kesi ya The Color Purple ilikwisha kuamuliwa siku ile ile ya uteuzi. Kanuni ya pili ilisema kwamba anayetuzwa na Chama cha Waongozaji wa Filamu cha Marekani ndiye atakayepata Oscar ya uongozaji. Kanuni hii ilikuwa imevunjika mara mbili tu, kwa filamu za mwaka 1968 na za mwaka 1972. Mnamo Machi 1986 chama hicho kilimtuza Spielberg. Hivyo waongozaji wa chama kikubwa walimpa taji mtu ambaye waongozaji wachache wa Akademia hawakumwona anafaa hata kuwa miongoni mwa watano. Jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Tangu wakati huo limetokea tena kwa Ron Howard, aliyeongoza Apollo 13 ya mwaka 1995, na kwa Ben Affleck, aliyeongoza Argo ya mwaka 2012, lakini mwaka 1986 watabiri hawakuwa na mfano wa kuegemea.

Tuzo nyingine za msimu huo hazikuwasaidia. Bodi ya Taifa ya Tathmini ya Filamu ilikuwa imeichagua The Color Purple kuwa filamu bora, wahakiki wa New York waliichagua Prizzi's Honor, wa Los Angeles wakaichagua Brazil. Tuzo za Golden Globe ziliipa Out of Africa taji la tamthilia bora ya filamu, zikampa Whoopi Goldberg taji la mwigizaji mkuu wa kike. Klaus Maria Brandauer, aliyeigiza Bror Blixen, alitarajiwa kushinda kwa kuwa alikwisha kukusanya tuzo kadhaa kabla ya Machi. Alishindwa na Don Ameche, mzee aliyeipenda Hollywood na ambaye Hollywood ilikuwa na deni naye. Kwa upande wa wanawake Geraldine Page, aliyeteuliwa mara ya nane, hatimaye alishinda kwa The Trip to Bountiful na kuwapita Goldberg na Meryl Streep. Katika makundi ya waigizaji, basi, aliyetabiri kwa kupima uigizaji alikosea, na aliyetabiri kwa kupima madeni alipatia.

Lakini tuzo 7 za Out of Africa haziwezi kuelezwa kwa madeni. Hapo orodha yenyewe inahitaji kusomwa kwa makini. Tuzo hizo zilikuwa za filamu bora, uongozaji, mswada uliotoholewa ulioandikwa na Kurt Luedtke, upigaji picha wa David Watkin, usanii wa mandhari, sauti, na muziki wa John Barry. Hakuna hata moja iliyokwenda kwa mwigizaji. Nne kati ya 7 ni tuzo za mazingira: jinsi nyanda zinavyoonekana kutoka angani, jinsi nyumba ilivyopambwa, jinsi upepo na treni zinavyosikika, na jinsi fidla zinavyoinuka ndege inapopita juu ya ziwa. Filamu ilituzwa kwa nchi yake, si kwa watu wake. Hata uteuzi wake miwili wa uigizaji ulimwendea Mmarekani na Mwaustria. Malick Bowens, mwigizaji wa Mali aliyeigiza Farah Aden kwa utulivu unaoibeba nusu ya pili ya filamu, hakutajwa. Ni vigumu kupata ushahidi ulio wazi zaidi wa namna Akademia ilivyoisoma Kenya: ni pazia la nyuma lenye rangi nzuri, na mbele yake Mzungu huhuzunika.

Usomaji huo haukubuniwa na wapiga kura. Uliandaliwa katika utohoaji. Kitabu cha Blixen cha mwaka 1937 hakina msuko wa mapenzi. Kimegawanywa katika sehemu 5, na nyingi za sehemu hizo zinawahusu Waafrika walioishi shambani na wageni waliopita. Sehemu nzima ya pili inahusu ajali ya bunduki na jinsi baraza la wazee wa Kikuyu lilivyoshughulikia fidia yake. Ni mjadala mrefu kuhusu sheria, thamani na haki, hata kama unasimuliwa na mtu aliyejiona mwamuzi juu ya wote. Mume wa msimulizi hatajwi ila kwa nadra, na uhusiano wake na Denys Finch Hatton umefunikwa kwa staha. Ili kupata hadithi ya mapenzi, Luedtke alilazimika kwenda kwenye vitabu vingine: wasifu wa Blixen ulioandikwa na Judith Thurman, na kile cha Errol Trzebinski kuhusu Finch Hatton cha mwaka 1977, vilivyotajwa pamoja katika utangulizi wa filamu. Kitabu cha kumbukumbu za Kamante Gatura, mpishi wa Blixen, kilichotolewa mwaka 1975, hakimo katika orodha hiyo. Kwa hiyo tuzo ya mswada uliotoholewa ilikwenda kwa kazi iliyochukua vitabu vya watu waliomtazama Blixen, na kumwacha mtu aliyempikia na ambaye masimulizi yake yalikuwa yamekwisha kuchapishwa. Wasomi wa utohoaji hupenda kuuliza kama filamu ni aminifu kwa kitabu. Hapa swali lenye faida zaidi ni filamu ilichagua kuwa aminifu kwa nani.

Hata hivyo haitakuwa haki kukitetea kitabu dhidi ya filamu, kana kwamba kitabu ndicho kilichobeba heshima na filamu ikaipoteza. Ngũgĩ wa Thiong'o alikwisha kulishughulikia suala hilo miaka kadhaa kabla ya Oscar. Katika mhadhara alioutoa Copenhagen mwaka 1980, uliokuja kuchapishwa katika Moving the Centre mwaka 1993, alionyesha jinsi Blixen anavyowaweka Waafrika katika safu moja na wanyama wa mwitu na wa kufugwa, tena kwa mapenzi, na jinsi mapenzi hayo yanavyouficha ubaguzi kuliko chuki ingeweza. Kwa msomaji wa fasihi ya Kiswahili kuna sehemu nyingine inayouma zaidi. Blixen anasimulia jinsi alivyowatungia vibarua wake shambani mistari ya Kiswahili yenye vina, isiyo na maana kubwa, na jinsi walivyoshangazwa nayo. Anadai kwamba wenyeji hawakujua ushairi kabla ya kufundishwa nyimbo za dini shuleni. Maneno hayo yalichapishwa mwaka 1937, katika nchi ambayo Mombasa yake ilikuwa imempa ulimwengu Muyaka bin Haji karne moja kabla, na katika lugha ambayo Utendi wa Tambuka una nakala ya mwaka 1728. Vibarua wa Ngong hawakuwa Waswahili wa Pwani, ni kweli, na huenda vina vya aina hiyo vilikuwa vigeni kwao. Lakini Blixen hakusema habari za Ngong pekee. Alichukua lugha yenye ushairi wa karne kadhaa, akaitumia kama njuga za kumchezea mtoto, akahitimisha kuwa mtoto hakuwa amewahi kusikia muziki.

Hiki ndicho kitabu ambacho ushindi wa 1986 ulikirudisha kwa kishindo katika maduka ya vitabu ya ulimwengu. Mwaka ule ule nyumba ya Blixen jijini Nairobi ilifunguliwa kuwa makumbusho ya taifa, na mwaka ule ule Ngũgĩ alichapisha Decolonising the Mind. Wageni waliofika Kenya kwa sababu ya filamu walikuwa wengi kuliko waliofika kwa sababu ya Ngũgĩ, na hakuna aliyehitaji mtabiri ili ajue hilo.

The Color Purple nayo si filamu isiyo na lawama. Riwaya ya Walker ni ya barua: Celie anamwandikia Mungu, na baadaye dada yake Nettie anamwandikia Celie kutoka Afrika, anakoishi pamoja na wamishonari miongoni mwa watu wa kubuniwa wanaoitwa Olinka. Barua za Nettie zina uhakiki mkali wa ukoloni. Barabara inakuja, wanakijiji wanaifurahia, kisha inapita katikati ya kijiji chao. Ardhi inakuwa mali ya kampuni ya mpira, na Waolinka wanaanza kulipa kodi ya kukaa mahali walipozaliwa. Katika filamu haya yote yamefupishwa hadi kubaki picha za haraka, na baadhi ya picha hizo zilipigwa Kenya, kana kwamba nyanda na machweo ya Afrika ya Mashariki yanaweza kuazimwa kuwa Afrika ya popote. Mapenzi ya Celie na Shug yamepunguzwa makali. Mswada ambao Walker mwenyewe aliuandika haukutumiwa. Aliuchapisha mwaka 1996 katika The Same River Twice. Kwa maana hiyo filamu zote mbili zilishiriki kosa moja: zilimchukua mwanamke mwandishi, zikaihifadhi huzuni yake na kuiacha hoja yake.

Tofauti ni nani alikuwa akihuzunika. Hizi ni hadithi mbili za wanawake walioumizwa na waume zao, na wote wawili wanaandika. Mmoja ana shamba, watumishi, saa ya ukutani na vyombo vya fedha. Anavipoteza, na hasara yake inapewa fidla. Mwingine hana hata barua zake mwenyewe, maana mumewe huzificha. Akademia ilimwelewa wa kwanza bila taabu. Tangu mwanzo wa miaka ya themanini ilikuwa imezoea kuzituza filamu pana za kihistoria zenye lafudhi ya Kiingereza: Chariots of Fire mwaka 1982 na Gandhi mwaka 1983. Out of Africa iliingia katika nyayo zilizokwisha kukanyagwa, na kwa sababu hiyo aliyeitabiri hakuwa akibahatisha.

Matokeo yalipotangazwa, tawi la Hollywood la chama cha NAACP, chama kikongwe cha kutetea haki za Waamerika Weusi, lililalamika kwamba filamu ilikuwa imenyimwa haki yake. Tawi hilo hilo lilikuwa limeikosoa filamu miezi michache kabla kwa jinsi ilivyowachora wanaume Weusi. Wapo waliocheka kigeugeu hicho. Kicheko hicho hakina msingi. Inawezekana kabisa kuipinga taswira iliyomo ndani ya kazi na kuupinga pia mfumo unaokataa kuitambua kazi hiyo. Mhakiki yeyote wa fasihi ya kikoloni amewahi kusimama mahali hapo. Kuyaeleza matokeo kwa neno ubaguzi pekee, kwa upande mwingine, ni kurahisisha. Waigizaji wa Akademia, ambao wengi wao walikuwa Weupe, waliwateua wanawake watatu Weusi kwa filamu moja: Goldberg, Margaret Avery na Oprah Winfrey. Katika muziki, walioteuliwa pamoja na Quincy Jones walifanya jumla ya watu 12. Wanataaluma wa fani moja moja waliiona kazi. Umma wa duru ya pili ndio ulioshindwa kuipigia kura.

Hapa ndipo historia ya washindi inapopotosha. Ingesomwa kwa tuzo pekee, The Color Purple ni sifuri, rekodi ya kushindwa iliyolingana na ile ya The Turning Point ya mwaka 1977. Ikisomwa kwa uteuzi, ni mwaka ambao nyuso tatu zilionekana duniani kote, hata Nairobi. Miongoni mwa walioziona alikuwa msichana aliyelelewa jijini humo, Lupita Nyong'o, ambaye baadaye alieleza hadharani kwamba kuwaona Goldberg na Winfrey katika filamu hiyo ndiko kulikompa wazo kuwa uigizaji ungeweza kuwa kazi yake. Out of Africa, iliyopigwa karibu na mlango wa nyumba yao, haikuwa na mwanamke wa Kiafrika wa kumpa wazo kama hilo. Iman alikuwamo, lakini kwa muda mfupi na kwa maneno machache. Mwanamuziki Ayub Ogada, aliyeigiza Kanuthia kwa jina la Job Seda, alisubiri miaka 20 kabla ya wimbo wake Kothbiro kusikika katika The Constant Gardener ya mwaka 2005, filamu nyingine ya mgeni kuhusu Kenya, ambayo ilimpa Rachel Weisz Oscar ya mwigizaji msaidizi na ambayo Lupita Nyong'o alifanya kazi ndogo nyuma ya kamera yake.

Tarehe 2 Machi 2014 watabiri walikuwa wamegawanyika tena. Jennifer Lawrence alikuwa na Golden Globe na tuzo ya Uingereza kwa American Hustle. Nyong'o alikuwa na tuzo ya chama cha waigizaji kwa 12 Years a Slave. Alishinda Nyong'o. Miaka 10 baadaye, tarehe 10 Machi 2024, alisimama jukwaani pamoja na washindi wengine wanne wa zamani kuwatambulisha walioteuliwa katika kundi lile lile la mwigizaji msaidizi wa kike. Mmoja wao alikuwa Danielle Brooks, aliyeteuliwa kwa kuigiza Sofia katika The Color Purple mpya ya mwaka 2023, nafasi iliyomletea Winfrey uteuzi mwaka 1986. Ulikuwa uteuzi pekee wa filamu hiyo. Tuzo ilikwenda kwa Da'Vine Joy Randolph wa The Holdovers, kama takriban watabiri wote walivyokuwa wamesema.